Ananikumbusha Tu

"Nimesema shusha hiyo kanga."

"Naona baridi, mama."

"Baridi gani na umekaa juu ya moto? Shusha."

Klementina aliendelea kukoroga chungu cha pombe ya ulezi kana kwamba nilikuwa nazungumza na kuku. Alikuwa na miaka kumi na sita, na mwaka ule alikuwa amejifunza kutosikia. Nilimvuta kanga mwenyewe. Juu ya kiwiko cha kushoto palikuwa na alama za vidole, nyeusi, na chini yake nyingine za zamani zilizokwisha geuka manjano.

"Adriano," nikasema.

"Hakunipiga."

"Sikusema amekupiga. Nimetaja jina tu."

"Alinishika. Kushika si kupiga, mama. Wewe unaona mtu ameguswa kidogo, tayari unatafuta bandeji."

Ni kweli kwamba natafuta bandeji. Masista walinifundisha ukunga na kufunga vidonda kabla sijaolewa, na nusu ya watoto wa kijiji chetu nimewapokea kwa mikono hii. Najua alama ya mtu aliyeteleza na alama ya mtu aliyeshikwa.

"Kwa kosa gani?" nikamwuliza.

Akanieleza, tena bila kuona aibu. Jumamosi alikwenda Sumbawanga kununua chumvi. Hamis wa dukani alipoipima akamwambia chumvi ya Uvinza siku hizi imeingiwa na maringo, mpaka uiamkie shikamoo ndipo ikubali kuingia kwenye mfuko. Akacheka. Kumbe Adriano alikuwa nje, amesimama na baiskeli yake. Walipoanza kurudi alimshika mkono pale juu ya kiwiko, na hakumwachia mpaka walipovuka mto.

"Kutoka dukani mpaka mtoni? Alisema nini njia nzima?"

"Hakusema kitu. Hana haja ya kusema. Ananikumbusha tu."

"Anakukumbusha nini?"

"Kwamba mimi ni wake."

Alilisema hilo huku anatabasamu na kukoroga.

Wakati huo Zita, rafiki yake, alikuwa mlangoni na ungo wake wa kupepetea. Aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, akainama kuutazama ule mkono. Akapitisha kidole juu ya alama polepole, kama mtu anayegusa kitambaa kipya dukani.

"Mama, usimgombeze bure," akasema. "Mwenzetu amepata mtu. Adolfu wangu mimi ni maji ya mtungini. Juzi nilicheza ngoma na watu wa Chala mpaka jua likazama. Unajua aliniuliza nini? Kama miguu inaniuma."

Wakacheka wote wawili mpaka Klementina akaachia mwiko.

"Na je, ilikuuma?" nikamwuliza Zita.

"Iliniuma."

"Basi amekuuliza la maana."

"Aa, mama. Mwanamume asiye na wivu ana nini? Siku nikipotea atapika ugali, ale, alale."

Nilimwambia aende akapepete ulezi nje, maana vumbi lilikuwa linaingia katika pombe. Ilikuwa pombe ya kesho, na kesho ndiyo iliyokuwa inaniogopesha.

Katika ukoo wa mume wangu Modesti, uchumba hufungwa kwa jembe. Si jembe la dukani. Ni jembe la zamani, lililofuliwa wakati tanuri za wahunzi wetu zilipokuwa bado zinawaka huko mbugani, chuma kizito chenye mkia mrefu unaoingia katika tundu la mpini. Mama wa mvulana hulileta bila mpini, nalo huwekwa darini kwa msichana. Siku mvulana anapokuja na wenzake kuwalimia wakwe, baba mkubwa wa msichana hulitia mpini asubuhi, mvulana hulilimia mchana kutwa, na tuta la mwisho huachwa kwa msichana. Akilipiga jembe udongoni mara moja tu, kwisha. Ni mke wa watu, kilichobaki ni kanisa. Kabla ya hapo mzazi anaweza kuling'oa mpini na kulirudisha katika mkono uliolileta, na hakuna kesi. Baada ya hapo ni shauri la baraza la Mwene, mtawala wetu, na wazee wa baraza hawana muda na alama za vidole. Wao huuliza neno moja: mfupa umevunjika?

Nilimkuta Modesti anafunga zizi la mbuzi.

"Baba Klementina, kijana huyu ana mkono mbaya."

"Upi? Maana anayo miwili."

"Usinichezee."

Nikamweleza. Alisikiliza huku anakaza kamba. Modesti si mtu mbaya. Tangu tuoane hajaniinulia mkono, na nilimkumbusha hilo.

"Nilikuwa nakuogopa," akasema.

"Na sasa?"

"Sasa nimezoea kuogopa." Kisha akaacha mzaha. "Mama Klementina, pombe imekwisha iva. Kaka Leonsi amealika watu mpaka wa Mwazye. Niwaambie nini? Kwamba mtoto ameshikwa mkono? Watacheka. Kijana amemaliza shule, anajifunza useremala misheni, hanywi, anamtunza mama yake mjane. Na binti mwenyewe anamtaka. Kama angekuwa analia, ningekusaidia. Huyu anaimba."

Tulimsikia kweli, jikoni, anaimba na Zita.

Hapo ndipo niliposhindwa. Mtu anayelia unajua umfanyie nini. Sikuwa na dawa ya mtu anayeimba.

"Kesho nitamtazama," nikasema.

"Mtazame. Macho hayana kodi."

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya majani, baridi ya kweli safari hii. Adriano alifika kabla ya wenzake wote, suruali ya kaki imepigwa pasi, jembe lake mwenyewe begani. Alipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Atakuja mchana, anatembea polepole siku hizi." Akatoa sega la asali lililofungwa katika jani la mgomba. "Hii ni ya Klementina, ukiniruhusu."

Nilimruhusu. Klementina alikuja mbio, akafungua jani mbele yetu sote, akalamba kidole. Mdogo wake, Margareth, aliomba, akapewa kidogo. Binti yangu alinitazama kwa jicho la kuniuliza kama sasa nimeridhika.

Shemeji Leonsi alilishusha lile jembe la zamani darini, akaingiza mkia wake katika mpini, akaugonga juu ya jiwe mpaka ukakaza. Watu wakapiga vigelegele. Jembe likaenda shambani mikononi mwa Adriano.

Kama ningekuwa mtu wa kutazama kazi peke yake, ningempa binti yangu siku ile ile asubuhi. Kwetu Ufipa, mvua zikikaribia kwisha, tunang'oa majani na udongo wake, tunayafunika kichwa chini na kuyarundika matuta ya mviringo, yaoze, tupande maharage juu. Tuta baya hubomoka mvua ya kwanza. Matuta ya Adriano yalikuwa kama yamefinyangwa na mfinyanzi. Alipomaliza moja alilipapasa pande zote kwa kiganja, bila haraka. Jani moja likichomoza nje, alirudi akalisukuma ndani kwa kidole gumba, akakiacha kidole pale kidogo.

Jua lilipopanda niliwapelekea maji. Vijana walikuwa wamekaa kando ya shamba, migongo kwangu, wanamtania Adolfu, mchumba wa Zita, kijana mnene mwenye sauti ya taratibu.

"Adolfu, Zita alikuwa anacheza na watu wa Chala. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala."

"Siku moja utaamka ualikwe harusi yake."

"Nitakwenda. Nitakula wali."

Wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "Mchape kidogo, bwana. Mara moja tu. Atatulia."

"Akitulia kwa ajili ya fimbo," akasema Adolfu, "siku fimbo ikivunjika je?"

"Utakata nyingine. Kwani miti imekwisha?"

Walimcheka tena, na Adolfu akainamisha kichwa, akachuma majani. Nilimhurumia. Alikuwa amesema neno la akili kuliko yote niliyosikia siku mbili zile, na alionekana kulionea haya.

Adriano hakuwa amecheka. "Msimfundishe mtu kupiga," akasema. "Kupiga ni ushamba. Mimi sijampiga Klementina hata siku moja."

"Humpigi?"

"Namkumbusha tu. Ukimkumbusha mapema, baadaye hata kumtazama kunatosha."

Hakuna aliyecheka. Waliitikia kwa vichwa, kama darasani. Kisha mmoja akaniona, na Adriano akageuka. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Aliinuka akaja kunipokea kibuyu kwa mikono miwili.

"Pole na jua, mama. Ungemtuma Klementina."

"Klementina ana kazi," nikasema.

"Najua. Anachambua maharage pamoja na Zita, nyuma ya nyumba." Akanywa, akanirudishia kibuyu. "Tangu asubuhi hajatoka."

Kutoka pale shambani nyuma ya nyumba hapaonekani. Sijui alijuaje, na sikumwuliza. Nilirudi nyumbani nikamwita Margareth.

"Nani amemwambia Adriano dada yako yuko wapi?"

"Mimi. Huniuliza kila siku. Akiniuliza nikamjibu vizuri hunipa kitu."

"Na usipomjibu?"

Margareth alifikiri. "Sijawahi," akasema.

Mama yake Adriano alifika mchana. Cornelia ni mtu wa rika langu, lakini ukituweka pamoja utadhani ni mama yangu. Mumewe alifia migodini Rodesia zamani, naye akamlea Adriano peke yake. Alikuja na mtungi wa pombe, kama ilivyo desturi, ila mtungi ulikuwa kichwani kwa jirani yake. Yeye mwenyewe alitembea mkono wa kushoto umefichwa ndani ya kanga, umebanwa kifuani, kama mwenye mtoto mchanga.

Nilimkaribisha jikoni, nikamfukuza Zita na wenzake nje kwa kisingizio cha kuni.

"Mama Adriano, mkono una nini?"

"Nilianguka kisimani."

"Mtu akianguka kisimani huanguka na kila kitu. Wewe goti lako zima, uso mzima. Nione."

"Ni kitu kidogo."

"Kidogo ndiyo kazi yangu."

Akaniruhusu, nadhani kwa sababu maumivu yalikuwa yamemchosha. Mkono ulikuwa umevimba kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Nilibonyeza kidogo, nikasikia chini ya kidole mahali ambapo mfupa haukukutana vizuri na mwenziwe. Cornelia hakulia. Alivuta pumzi kwa meno.

"Huu umevunjika," nikamwambia. "Si wa leo. Tangu lini?"

"Tangu Pasaka hivi."

"Nani?"

Alitazama mlangoni kwanza. Nje hapakuwa na mtu. Hata hivyo aliteremsha sauti.

"Nilisahau kumchemshia maji ya kuoga. Alikuwa ametoka kazini, amechoka. Akanikumbusha."

Nilikuwa nimeinama na mkono wake mapajani mwangu.

"Mwanao."

"Usimfikirie vibaya, mwenzangu. Si mtoto mbaya. Akimaliza hulia kuliko mimi. Kesho yake huniletea asali." Alitabasamu. Kisha akasema neno ambalo naamini kwake lilikuwa habari njema, ndiyo maana aliniambia kama mtu anayetoa zawadi. "Na sasa anaoa. Akipata mke nyumbani, mimi nitapumzika."

Huko shambani walianza kuimba. Wimbo ule naujua, huimbwa pale tuta moja tu linapobaki. Sauti ya shemeji Leonsi ilipaa juu ya nyingine zote. "Klementina! Njoo umalizie kazi ya mumeo!"

Niliurudisha mkono wa Cornelia kifuani pake, nikasimama. "Nifuate," nikamwambia.

"Wapi?"

"Hapo tu."

Sikukimbia. Nikikimbia, watu hudhani kuna mtoto anazaliwa, wananifuata. Nilitembea haraka. Klementina alikuwa ameshafika katikati ya shamba, kanga mpya kiunoni, Zita nyuma yake anapiga vigelegele. Adriano alikuwa amemkabidhi jembe. Alisimama ubavuni mwake akimsogeza mikono kwenye mpini, mmoja juu, mmoja chini, kama fundi anayefundisha. Kisha akamshika juu ya kiwiko, pale pale. Nilimwona binti yangu akishtuka, na nikamwona akiufunika ule mshtuko kwa kicheko. Akainua jembe.

"Klementina, lete hapa," nikasema.

"Mama, bado sijapiga."

"Najua. Ndiyo maana nimewahi."

Nikalishika jembe likiwa bado hewani. Tulivutana kidogo. Ana nguvu, nimemlisha mimi, lakini hakutazamia, akaliachia. Nyimbo zilikatika vipande vipande, wengine waliendelea mstari mzima bila kujua.

"Shemeji," akasema Leonsi, "watu wamekwisha kunywa pombe."

"Basi hawana kiu."

Kando ya shamba kuna jiwe tunalonolea mapanga. Nikaweka mpini juu yake, nikachukua jiwe jingine, nikaugonga mkia wa jembe kutoka nyuma. Shemeji alikuwa ameukaza barabara. Niligonga mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuna aliyenizuia, hata Modesti, aliyekuwa amesimama na kibuyu cha pombe mdomoni bila kunywa. Chuma kikachomoka, kikaanguka majanini.

Nilikiokota nikamwendea Cornelia. Alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba.

"Jembe lako, mama Adriano. Hatuna ugomvi na wewe. Pokea."

Kwetu hakuna mtu mzima anayepokea kitu kama kile kwa mkono mmoja. Hata mtoto hufundishwa. Cornelia alijaribu. Aliutoa mkono wa kushoto ndani ya kanga, ukafika nusu ya njia, ukaning'inia. Watu wote wakauona, uvimbe wake na pale ulipopinda. Akapokea kwa wa kulia peke yake, na uzito wa chuma ukamvuta bega chini.

"Nani amekufanya hivyo, mama?" Klementina akamwuliza.

Cornelia alimtazama mwanawe, mara moja, upesi, kisha akatazama chini. Yeyote aliyekuwa na macho alipata jibu lake. Zita alikuwa bado ameweka mkono mdomoni, tayari kwa kigelegele.

Adriano alijipangusa udongo viganjani. Sauti yake ilikuwa ile ile ya shikamoo.

"Mama, twende nyumbani."

Cornelia akaanza kwenda. Nilimshika kanga.

"Haendi," nikasema. "Mfupa umevunjika, lazima ufungwe. Atakaa kwangu mpaka upone, halafu yeye mwenyewe atawaambia wazee wa baraza ulivunjikaje. Wao hupenda mifupa."

"Yule ni mama yangu," akasema Adriano.

"Huyu hapa ni jirani yangu. Adolfu, mshike mkono wa kulia, asijikwae. Klementina, mbele. Margareth, ingia ndani, na ukiulizwa neno lolote na mtu huyu, wewe ni bubu."

Adolfu alikuja bila kuambiwa mara ya pili. Klementina hakusogea mara moja. Alikuwa ameuokota ule mpini mtupu na kuukumbatia, uso umejaa hasira juu yangu, na nilijua itanichukua muda mrefu kuimaliza hasira hiyo, kama itakwisha. Alimtazama Adriano. Adriano naye akamtazama tu. Na binti yangu, ambaye jana alikuwa anaimba, alirudi nyuma hatua moja bila mwenyewe kujua. Kisha akageuka akatufuata.

Jikoni nilimkalisha Cornelia karibu na moto, nikachana shuka kuukuu, nikapasua vijiti vya mianzi, nikaunyoosha mkono wake huku Zita amemshikilia mabega na kulia kwa niaba yake. Nilipofunga fundo la mwisho nilichungulia nje. Watu walikuwa wametawanyika. Modesti na Leonsi walikuwa wamekaa kizingitini, kila mmoja na rungu lake. Na kule shambani, juu ya tuta la mwisho ambalo halikumaliziwa, Adriano alikuwa ameketi, mgongo wima, mikono magotini, anatazama mlango wetu.

Nilimwita Modesti na kaka yake waingie. Nikauvuta mlango, nikanyoosha mkono kwa Klementina.

"Nipe huo mpini."

Akanipa. Nikauegemeza nyuma ya mlango, nikaukaza kwa kisigino.